Ncha za Mishale na Uzi Mweusi

Pale chini ya kiwanja cha ndege cha Rughenda, barabara inapopinda mbele ya karakana ya pikipiki, kuna benchi la ubao ambalo watu wake hawaamini kitu. Nasema hawaamini kitu! Mwambie Réseau kwamba leo mvua itanyesha, atakuuliza nani amekutuma kuja kusema hivyo. Huyo Réseau, maana yake mtandao, ni Siméon, muuza unité za simu, na jina hilo alipewa kwa sababu kila habari ya Butembo inapita kwake kwanza, hata ile ambayo bado haijatokea. Mwenzake ni Éliakim, anayeitwa Colonel, ingawa jeshini hajafanya kitu ila kuwauzia askari maharage kule Beni. Kahawa ni ya Mama Adèle na thermos yake. Asubuhi hiyo Kahongya, muuza mbao, alikuja akaketi katikati yao bila kuomba kahawa, na hiyo peke yake ikatosha kuwatia wasiwasi.

— Kahongya, uko mugonjwa?

— Hapana.

— Mutu mwenye haiko mugonjwa anakunywaka kahawa, alisema Colonel. Sema tu.

Kahongya alitazama barabara juu, akaitazama chini. Kisha akatoa fundo la kitambaa ndani ya koti, akalifungua juu ya ubao. Vilikuwa vyuma vinne, vifupi kama kidole, vimechongwa na kunolewa mfano wa ncha za mishale, kila kimoja na tundu kwenye mkia. Cha nne kilikuwa kidogo sana, chembamba, karibu kama ukucha. Pamoja navyo, sindano na kibunda cha uzi mweusi.

— Ni bya rafiki yangu moja, alisema. Alibipata katikati ya bikwembe bya bibi yake.

Rafiki gani! Vyuma vilitoka nyumbani kwake mwenyewe. Jana alitafuta nguo ya kumfunikia mtoto, akainua vikwembe vya mke wake Kavuo, vyuma vikamwangukia mguuni. Hakumuuliza mke neno. Alichofanya ni kumpigia simu baba mkwe huko Kirumba: kesho kutwa mupande huku, baba, wewe na wazee, kuna neno. Na kila Munande, mtu wa kabila letu, anajua wazee wa upande wa mke wanaitwa kwa neno gani. Mbuzi wa mahari watazungumzwa upya, na mwanamke atafunga vitu vyake arudi kwa wazazi. Kahongya alikuwa bado anampenda mke wake, na hilo ndilo lililomfanya awe mgonjwa kweli, ingawa alisema hapana.

Réseau alishika kimoja kwa ncha za vidole viwili, kama kitu kinachouma.

— Ya kuwinda hii hapana. Mushale ya kuwinda iko murefu, inaingia mpaka ndani. Hii itakwama ku ngozi ya sungura.

— Sababu haiko ya kuwinda nyama, alisema Colonel. Angalia tundu. Tundu ni ya kuvaa ku shingo. Ni alama ya batu ba pori, ba waasi! Ukifika ku kambi yao bila hii, banakuuliza wewe nani. Ukiwa nayo, karibu, kula.

— Bibi ya mutu avae alama ya pori?

— Njo benye banabebaka habari, ba mama. Wewe ku barieri ya ba askari unapapasa mama?

Kahongya alikumbuka kitu. Wiki iliyopita alimwona Kavuo akitoka kwa fundi wa vyuma nyuma ya soko. Alimuuliza, akajibu amepeleka jembe linolewe. Na jembe bado lilikuwa butu! Alilijaribu mwenyewe leo asubuhi.

— Huyu rafiki yako, Mama Adèle alisema huku akimimina, alimuuliza bibi yake?

— Aka, Mama Adèle! Réseau alicheka. Mutu mwenye anaficha kitu, ukimuuliza, atakudanganya. Donc utapoteza swali yako bure. Kwanza unachunguza, unajua jibu yote, kiisha unamuuliza.

— Ukijua jibu, unauliza nini tena?

— Ile ya kumushitua.

Mama Adèle alitikisa kichwa, akampa Kahongya kikombe ambacho hakuomba.

— Mimi, Réseau aliendelea, nawaza juu ya uzi. Uzi mweusi, batu bangu! Nani anashona na mweusi kama haiko ya kufunga mutu? Hii mbili ni macho ya bwana. Hii, kinywa. Bwana haone, haseme. Na hii kadogo ni ya fasi ingine, sitataja, Mama Adèle iko hapa.

Colonel alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye suruali. Kahongya hakucheka.

— Hapana, hapana, alisema Colonel akijifuta. Réseau, wewe unabakia ku mambo ya zamani. Siku hizi kuna drone. Drone inafuataka chuma. Unaweka chuma hii mu nyumba ya mutu, iko juu kule inaita, tii, tii, tii. Tundu njo antenne.

— Mbona simu yangu haiite?

— Sababu simu yako haiko na bei.

— Ama ni ba mzungu ba zahabu! Réseau alisimama kabisa. Banapatia ba mama byuma, bafiche mu nyumba. Chuma ikigeuka rangi, maana yake zahabu iko chini. Kesho unaambiwa utoke, kiwanja imeuzishwa. Kahongya, rafiki yako iko na kiwanja?

— Iko nayo.

— Basi!

Ajabu ni kwamba Kahongya aliyaamini yote kwa pamoja, hata yale yanayogombana yenyewe kwa yenyewe. Alimwona Kavuo akiwa na watu wa pori, akamwona kwa mganga, akamwona akipokea kitu mkononi mwa mzungu. Alikumbuka kwamba tangu Kavuo na watoto wakimbie vita upande wa Mangina, mke wake halali bila nguo za kutembea, na viatu vyake vinakaa mlangoni vikitazama nje. Mwanamke wa namna hiyo anajiandaa kumwacha mtu. Ni nani asiyeona?

Ndipo Kavuo mwenyewe akatokea kwenye kona, Christa mgongoni, anapumua kama mtu aliyekimbia bila kupumzika.

— Bonjour, ba papa. Mama Adèle, wasingya, asante ya kazi.

Hakuna aliyefunika vyuma kwa wakati. Colonel alijaribu na kofia, ikaanguka.

— Kumbe biko huku, alisema Kavuo. Baba amenipigia simu toka Kirumba, analia. Ananiuliza nimekosa nini. Namujibu, baba, mimi pia sijue.

— Ah, donc rafiki ni wewe, Réseau alimwambia Kahongya polepole, na kwa mara ya kwanza hakufurahi kuwa wa kwanza kupata habari.

Kavuo aliinama, akaviokota kimoja kimoja.

— Hii ya Kahongya. Hii yangu. Hii ya Phinées, mutoto wetu mukubwa. Hii kadogo ya Christa. Nitabishona mu pindo ya nguo, kila mutu na yake.

— Ya kufanya nini, Mama? Colonel aliuliza, sauti ya askari polisi bado imo.

— Siku tulikimbia kule Mangina, panga ilibakia na mujomba, kisu na shangazi. Balienda njia yao, mimi na Phinées yetu. Nilibakia na mikono tu. Ukiwa na hii, unaifunga ku fimbo na kamba, unachoma samaki mu kijito. Unakata kamba ya pori, unajenga fasi ya kulala. Unatoa mwiba. Unaigonga ku jiwe nyeupe, inatoa moto. Panga inaachwaka. Nguo haiachwake. Na ku barieri, hakuna mwenye ataiona.

— Sasa juu ya nini haukuambia bwana yako?

— Nikitaja pori, anasema tuache hiyo mambo.

Ni kweli. Kahongya alijua ni kweli. Siku ile yeye alikuwa hapa Butembo anauza mbao, anakula vizuri, analala kitandani. Walipotoka porini, aliwapokea kwa machozi, akachinja kuku, akawashukuru watu wa kanisa. Tangu hapo, kila Kavuo alipoanza kusimulia, alimkata. Alisema ni kwa ajili ya kumpumzisha. Uongo. Ni aibu iliyomkaba, aibu ya kutokuwapo.

Lakini Colonel si mtu wa kushindwa mbele ya watu.

— Bon. Mukubwa achome samaki, ninakubali. Lakini hii kadogo? Mutoto wa kunyonya atawinda nini?

— Hii haiko ya kuwinda, Papa. Nilimuomba mufundi aichonge kama wembe. Mutoto ataibeba, lakini kazi ni ya mwenye atazaa.

Kavuo alimgeukia mume wake. Hakuinua sauti.

— Kahongya. Christa alizaliwa kule mu pori. Kitovu yake, tuliikata na nini?

Pikipiki moja ilipita. Réseau, mwenye habari zote za Butembo, alikagua kikombe chake. Colonel aliokota kofia, akaipiga vumbi ambalo halikuwapo. Kahongya alihesabu maswali yake. Alikuwa ameuliza kama ni msichana au mvulana. Aliuliza kama ana homa. Aliuliza jina la kumpa. Hilo jingine hakuwahi kuliuliza, na mtoto huyo sasa anatembea mwenyewe, anamwita papa.

Kavuo alingoja. Kisha akafunga vyuma ndani ya kitambaa, akaweka sindano na uzi, akamkaza Christa mgongoni, akaanza kupanda barabara.

— Baba anafika kesho na wazee, alisema akienda. Utabaelezea.

Kahongya aliacha kahawa juu ya ubao, akamkimbilia. Alimfikia karibu na ukuta wa kiwanja cha ndege, jasho usoni, na kwa mara ya kwanza akamuuliza mke wake habari ya kule porini, bila kujua jibu.

— Na nini, Kavuo? Mulikata na nini?

Kavuo hakusimama.

— Na meno yangu, alisema.