Historia ya Mchungaji Habakuki Semboja, Mwanzilishi wa Kanisa la Kikombe Kimoja

Ndugu waombolezaji, jamaa wa Vugiri na waumini mliotoka Dindira, mimi ni Filomena, binti wa marehemu, na ukoo umeniteua niisome karatasi hii, kwa hiyo mtanivumilia.

Marehemu baba yetu alizaliwa Vugiri tarehe 4 Machi 1921, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na mwaka 1940 akaajiriwa kuchuma chai Dindira, akapanda hadi kuwa mnyapara, na waliofanya kazi chini yake wanaujua ulimi wake. Tarehe 16 Agosti 1952 alifunga ndoa na mama yetu Yuditha, nikazaliwa mimi mwaka uliofuata, na baada ya kungoja sana, mwaka 1970, akazaliwa Simeo.

Mwaka 1961 mdogo wake marehemu alichomwa sindano kwenye zahanati ya misheni akafa siku hiyohiyo, baba akatoka kanisani kwa hasira, na mwezi uleule wa Uhuru, akisema nchi imejitawala na roho nazo zijitawale, akaanzisha kanisa hili na watu kumi na mmoja kwenye chemchemi ya Vugiri, wakinywa maji ya maombi kwa kikombe kimoja cha bati. Aliandika kwa mkono wake kwamba dawa ya hospitali na ya mganga zote ni kumkana Mungu, na atakayezitumia atazikwa nje ya uzio wa kanisa, bila wimbo.

Mwaka 1974 tulihamishiwa kijiji hiki cha ujamaa hapa Handeni, chemchemi hakuna, baba akayaombea maji ya lambo, pamoja na tope na vyura wake. Februari 1975 Simeo alianza kuhara, mama akambeba mgongoni hadi zahanati, akapewa dawa, akampa mtoto kijiko kimoja, baba akaimwaga iliyobaki mlangoni, akamnywesha kikombe, na tarehe 5 mtoto akafa. Kwa kosa la kijiko kimoja cha dawa mama alitengwa, na alipofariki Oktoba 1976 alizikwa kule nje ya uzio wetu wa minyaa, nanyi nyote mkafunga midomo. Jamani, mliwezaje?

Mei mwaka huu, 1978, baba alianza kuhara damu, na siku ya tatu aliniamuru mwenyewe nimtafutie gari la kwenda Korogwe, akalazwa siku kumi na tisa, akachomwa sindano ishirini na saba, nilizihesabu, na asubuhi moja aliniuliza mbona nesi amechelewa. Alifariki tarehe 11 Juni.

Mzee Mdoe, mzee wetu wa kanisa, ameniomba niseme marehemu alifia kwenye maombi, ili azikwe mbele ya madhabahu. Shikamoo mzee, lakini sisemi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa kila sindano, majirani kwa gari, na nyinyi waumini kwa kaburi mlilochimba kanisani, ambalo naomba mlifukie, maana wajomba zangu wamechimba lingine nje ya minyaa, hatua ishirini kutoka kwa mama, si karibu zaidi. Wimbo hakuna, ameandika mwenyewe.

Pumzika, baba. Amani kamwombe mama.