Barua Yetu Iliyomsimamisha Binti Uzi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mafunzo ya Madaktari Bingwa. Daktari wetu mkuu, wauguzi, na akina mama wenzangu:

KARIBU WODINI
Karibu kwenye wodi ya watoto wa moyo. Utuwie radhi kwa viti, tulivyo navyo ndivyo tunavyolalia. Nimechaguliwa kusoma risala hii kwa kuwa nahudhuria masomo ya jioni.

TULIKOTOKA
Sisi ni akina mama kumi na wanne. Daktari wa kupasua kifua na moyo hapa ni mmoja, mzee wetu, na mwisho wa mwaka anastaafu. Aliyekuwa akijifunza kwake ni binti mmoja tu. Tulimwita Binti Uzi, maana hakukosa uzi mfukoni. Aliketi nasi akijizoeza mafundo ya kushonea kwenye chuma cha kitanda, kwa mkono mmoja, macho ameyafumba. Tukimtania kuhusu ndoa, hujibu kwamba atakayemtaka aje na subira, amebakiza miaka mitatu ya mafunzo.

MAFANIKIO
Mwaka huu watoto tisa wametoka hapa wakikimbia. Kwa furaha tukakuandikia barua ya shukrani, tukasema Binti Uzi anapasua peke yake. Tulidhani tunamsifu.

CHANGAMOTO
Mgeni rasmi, hatukujua kwamba kwa mwanafunzi hilo ni kosa. Wiki iliyofuata akasimamishwa. Ukweli ni kwamba hakuna kati yetu aliyewahi kuingia chumba kile cha upasuaji. Tulimwona akitoka kutuletea habari, basi. Mzee alikuwemo kila mara. Sisi tulitia chumvi, kama mtu anavyomsifia mwanawe.

Alipokuja kuaga tulimwomba radhi. Akasema, "Mliandika kwa upendo, mama zangu. Mngeniuliza tu."

Tangu hapo mzee hapasui, hana wa kusimama naye upande wa pili wa meza. Vitanda viwili vimebaki vitupu, na si kwa kupona.

MAOMBI
Tulikuwa na orodha ya mashuka, maji ya moto na viti. Tumeifuta yote. Tunaomba barua yetu iondolewe kwenye jalada lake, iwekwe hii. Tumetia saini sote kumi na wanne. Wenzetu wawili walirudi kutoka msibani kwa ajili hiyo.

Anayefuata kwenye foleni ni mwanangu. Ana miaka minne, na kila asubuhi huniuliza kama Binti Uzi ametukasirikia. Tupe jibu la kumpa.

Mungu akulinde safarini na aulainishe moyo wako.

Ni sisi,
Akina Mama wa Wodi ya Moyo