Tuzo ya Aliyeniuliza Nimeona Nini

Assalamu alaykum, wazee wangu, na nyinyi mama zangu mlioko nyuma ya pazia. Nimeombwa nimseme mwenzetu ambaye tuzo hii ya sayansi yatolewa kwa kumkumbuka. Siwezi kumsema yeye bila kujisema mimi, na habari zangu wengi wenu mwazijua. Wanaocheka huko nyuma nawasikia. Chekeni, nimeshazoea.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa shule hii hii, ilipokuwa chumba kimoja cha ghorofani pale Ndia Kuu. Kwa hesabu hakuna aliyeniweza, na nilijua hivyo. Jioni ya Ramadhani ishirini na tisa tulipanda darini kutazama mwezi. Mawingu yalikuwepo. Mzee mmoja akanyoosha kidole, akasema ule pale, na watu wote wakanigeukia mimi, kijana wa elimu. Ndugu zangu, nawaambia kweli: niliona weupe. Weupe tu, chini ya wingu. Nikasema nimeona mwezi.

Tukapelekwa kwa kadhi, tukashuhudia sote wawili, na mji ukala Idi. Jioni ya pili mbingu zilikuwa safi, na mwezi ukatoka mwembamba, ukazama upesi, mwezi wa siku ya kwanza kabisa. Kumbe tulikuwa tumekula mchana wa Ramadhani. Vikongwe na wagonjwa, wote ikawabidi wailipe siku ile kwa ajili yangu. Yule mzee alisamehewa kwa uzee wake. Mimi nikabandikwa jina, Bwana Mwandamo.

Nikipita sokoni, mtu aitikia salamu yangu huku atazama juu. Nikaacha shule. Nikahamia kwa shangazi yangu huko Tononoka, wakati huo mashamba matupu, nikawa nashona kofia. Miaka mitatu, jamani. Sikwenda harusini wala maulidini. Alasiri nilikuwa nikijisemea moyoni: saa hizi wenzangu wafungua vitabu. Niliitamani hata harufu ya ule mkeka wetu wa darasani.

Siku moja mtu alisimama mlangoni. Sikumtambua mpaka alipotoa salamu. Alikuwa ni mwenzangu tuliyekaa naye mkeka mmoja shuleni, sasa karani wa forodhani. Akaketi, akaiokota kofia niliyokuwa nikiishona, akaigeuzageuza.

"Vitundu hivi mimi hata sivioni vizuri," akasema. "Na wewe nimesimama hapo mlangoni, umenijua kwa sauti, si kwa sura."

Nikamjibu kuwa nilikuwa nimeinamia kazi.

"Ile jioni ya mwezi, uliona nini?"

"Weupe."

"Basi mbona hukusema umeona weupe?"

Nililia, nawaambia, mwanamume mzima na sindano mkononi. Tangu siku ile mji mzima ulikuwa umenilaumu kwa nilichosema. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameniuliza nimeona nini.

Juma lililofuata akanipeleka kwa Mhindi auzaye miwani, akaninunulia. Kumbe macho yangu ya karibu ni makali na ya mbali hayafai kitu. Nilipotoka nje nimeivaa, niliona makuti ya mnazi, kuti moja moja. Niliona na nyuso za watu pia. Nilidhani mji wote wanitazama mimi, kumbe kila mtu na shughuli zake.

Akanirudisha shule mwenyewe, akaniombea kwa mwalimu wetu, na ndiyo sababu leo mimi nafundisha hapa. Yeye aliendelea kuiletea shule vitu: vitabu, mizani, hata ile darubini ya shaba. Kila mara alikataa jina lake litajwe, na leo pia sitalitaja. Kisha akahamishiwa bara, akashikwa na homa, akazikwa huko huko. Kaburi lake sijaliona. Nina hamu naye mno. Kila mwandamo wa mwezi napanda darini, nageuka nimwambie neno, kisha nakumbuka.

Sasa, tuzo. Mwaka huu wanafunzi walipewa kazi ya kupima maji yakijaa na yakipwa pale ngazi za bandarini, kila siku, mwezi mzima. Nyote mwaikumbuka ile mvua ya siku tatu, mtu haoni hata mkono wake. Madaftari yote yamejaa vipimo vya siku hizo. Moja tu limeandikwa, siku zote tatu: "Sikuona." Mwenye daftari hilo, mwanangu, njoo huku mbele, tuzo ni yako. Na nyinyi wengine msiinamishe vichwa. Mwalimu wenu alifanya makubwa zaidi.

Nawashukuru shangazi yangu aliyenipa pa kujificha, mwalimu aliyenipokea, na nyinyi mlionisamehe huku mwacheka. Nililojifunza ni hilo tu: useme ulichokiona, usizidishe.

Leo ni mwezi ishirini na tisa. Jioni nitapanda darini na miwani yake usoni. Mkiniuliza kama mwezi umeandama, nitawaambia nilichoona. Na mkiniuliza ni nani aliyesimama kando yangu, nitawaambia sikumwona mtu.