Tairi la Mvua: Maneno ya Akina Mama wa Mwimbi kwa Mzee Anyosisye

Mgeni rasmi, Mzee wetu Anyosisye, uliyefunga duka lako la spea za pikipiki kule Sumbawanga mjini ukaja kukaa nasi leo, Mwenyekiti wa kijiji, Padre wetu, akina mama wenzangu mlionituma: shikamooni wote mnaostahili shikamoo. Na ninyi vijana wa bodaboda, ambao tangu asubuhi hamjatuamkia kwa sababu ya kuosha pikipiki, marahaba.

Mimi ninayesoma ni Margareth, mama yake Modesti. Risala hii tumeitunga wote huku tunachambua maharage ya chakula cha leo. Mimi nimepewa kalamu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, basi. Shule yetu wengi iliishia darasa la saba. Pale ambapo sentensi itapinda, ujue tumeipinda wote.

KARIBU KWETU

Mzee wetu, umekuja na manyunyu, na sasa wingu limekaa pale upande wa Kasanga. Mtu mwingine angesema mvua imekuharibia safari. Sisi wakulima hatuwezi kusema hivyo, ulezi wetu uko shambani unaingoja.

Kabla ya yote tunataka watu wote hapa wajue wewe ni nani kwetu. Ulikwenda hospitali kumwona mgonjwa wako, ukamkuta kijana kitanda cha pili mguu umening'inizwa. Ulikuwa humjui. Ukamuuliza kilichompata, akakwambia ni pikipiki na mvua. Ungeweza kusema pole ukaondoka, watu wengi husema pole wakaondoka. Wewe ulivuta kiti ukamuuliza, "Huko kwenu vijana kama wewe wako wangapi?" Kijana yule ni Abel, mtoto wa mwenzetu Gaudiosa, ndiye huyo amekaa mbele na fimbo yake. Na kwa sababu ya swali lile, jana gari lako lilishusha hapa matairi mapya kwa ajili ya watoto wetu wote. Hatukukuomba. Huruma yako ndiyo iliyokutuma, na hilo hatutalisahau hata tukizeeka.

TULIVYOANZA

Kikundi chetu ni cha akina mama wenye watoto wanaoendesha bodaboda. Zamani tulikuwa kikundi cha kulima tu. Leo tunapalilia kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba anatupikia pombe ya ulezi, tunakunywa tunaimba tunarudi nyumbani. Abel alipoanguka, Gaudiosa alikuja kwenye zamu akalima mstari mzima, halafu akaegemea jembe akasema, "Jamani, mimi pombe sitaki tena. Mnilipe tairi."

Tangu siku hiyo tukikulimia shamba hutupikii, unatulipa magunia ya mavuno, na magunia yanageuka kuwa tairi la mvua kwa kijana mmoja, halafu tunakwenda kwa mwingine.

TULIYOFANYA

Mafanikio yetu si ya kupigiwa vigelegele lakini yapo. Hapa kwetu tairi likishakuwa kipara kaka mtu alikuwa anamwachia mdogo wake, kama anavyomwachia shati. Hilo tumelimaliza. Kipara tukikiona tunakikata kwa panga. Kimoja kimekuwa katambuga ambazo nimevaa hapa, vingine ni vyombo vya kulishia nguruwe. Modesti alilalamika kwamba mama zake wanaiba mali. Tukamwambia aende akashitaki, na shahidi wetu awe nguruwe.

Pia tulimwita Fundi Sebastiani, anayeziba pancha pale njia panda, tukamketisha kwenye mkeka akatufundisha. Vijana walikuwa na tabia ya kuweka tairi jipya nyuma tu kwa sababu ndilo linalobeba, la mbele wakaliacha mpaka linang'aa. Fundi alisema kwenye utelezi la mbele likiondoka hulirudishi, unakwenda nalo. Akatuonyesha kashata, yale meno ya tairi. Makubwa yaliyoachana ni mazuri kwenye udongo wetu mwekundu maana tope linadondoka, lakini ukifika kwenye lami yenye maji unakuwa umekanyaga kwa ncha za vidole. Na lile lenye mistari mirefu tu ya kuzunguka ni la lami kavu. Letu sisi tunaotoka shambani na kuingia lami ni la katikati, kashata za wastani, na mifereji inayotoka kati kwenda pembeni ili maji yapate pa kukimbilia.

Halafu akasema neno ambalo tulimwomba alirudie. "Mama zangu, tairi jema la mvua ni laini, na linalika mapema. Linaacha mpira wake barabarani ili mtoto asiache ngozi yake."

KINACHOTUKOSESHA AMANI

Mzee wetu, hapa ndipo tulipochambua maharage polepole.

Sisi wa Ufipa ni watu wa vitu vigumu. Hindi tunaling'ata kabla ya kuliweka ghalani. Likigoma jino, ni zuri, litakaa. Jembe tunaligonga. Basi na tairi tulilipima hivyohivyo. Siku Abel aliponunua lile lake mnadani, sisi wote tulilibonyeza kwa kidole gumba, halikuingia hata kidogo, tukamsifu. Mwingine alisema tairi hilo litamzika. Alikuwa anatania, alitaka kusema litadumu. Sasa hivi haupendi tena mzaha huo.

Lilikuwa jipya. Hilo ndilo linalotuuma, kwamba hakuendesha kipara. Mvua za kwanza zilimkuta anapandisha kutoka Kasanga na magunia ya dagaa, akavuka kilele, akaanza kateremko kadogo tu, mbuzi wakakatiza. Akakanyaga breki. Breki zilishika, tairi halikushika. Kuna mtu aliokota dagaa barabarani kabla ya kumwokota yeye, na huyo tumemsamehe, ni njaa.

Fundi alipolikagua alituonyesha ubavuni namba ndogo zinazosema mwaka lilipotengenezwa. Mpira ulikuwa umezeeka dukani bila kutembea. Jua na ghala vilikuwa vimeukausha, ukawa kama ngozi ya ngoma, na juu yake mistari mirefu mitupu.

Jana gari lako liliposhusha matairi, vijana waliruka kwa furaha. Modesti alidundisha moja chini, likamrudia kifuani, akasema hili nitawarithisha wajukuu. Wakapatana palepale kwamba leo, tukishakula, watayafunga wote na kukusindikiza kwa msafara wa pikipiki, taa zimewashwa, honi, mpaka chini Kasanga unakokwenda kulala. Ni heshima yao kwako, wamepania kweli.

Abel hakuruka. Alijivuta na fimbo yake mpaka kwenye rundo, akakandamiza ukucha kwenye mpira, akageuza ubavu akasoma zile namba. Mama yake alikuwa karibu. Akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, hili ni ndugu yake lile."

Tukaenda na sisi, mmoja mmoja kama tunapita tu, kila mmoja na kidole gumba chake. Halikuingia.

Mzee wetu, usituelewe vibaya. Wewe hukutengeneza matairi haya, na aliyekuuzia kwa jumla labda naye alibonyeza akasema ni imara, kama sisi. Mtu anatoa kizuri kwa kadiri anavyokijua. Ila wingu unaliona lilipo. Mteremko wa Kasanga unaujua, umeupita. Na watoto wetu hawa, ukishawapa kitu kwa mkono wako mbele ya watu, watakifunga hata kiwe cha udongo, kwa sababu ni wewe umewapa.

TUNACHOOMBA

Ombi la kwanza ni dogo. Tunaomba uteremke Kasanga bila msafara. Wewe una gari lenye matairi manne, wao wana mawili. Sisi tutasimama wote hapa barabarani, na vijana wetu katikati yetu, tukupungie mikono mpaka upotee. Padre ameahidi kutupigia kengele, itakuwa kelele ya kutosha.

Ombi la pili limetusumbua tangu jana, kwa sababu zawadi hairudishwi. Hata mtoto anajua. Tulizunguka nalo, mmoja akasema tuyafiche, mwingine akasema tuyakate kama vipara, akanyamazishwa. Ndipo Gaudiosa akauliza, jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, bakuli unalifanyaje? Tukasema linarudi kwake. Linarudi tupu? Tukasema, bakuli la jirani halirudi tupu.

Kwa hiyo, Mzee wetu, asubuhi hii wakati unakunywa chai kwa Padre na vijana wako mtoni wanaosha pikipiki, sisi tumeyapakia matairi yote kwenye gari lako. Najua nikifika hapa Modesti atasimama. Kaa chini, mwanangu. Dereva wako alituuliza tunafanya nini, tukampa uji wa ulezi. Usimlaumu, alikuwa na njaa. Ukifunua turubai utakuta ndani ya kila duara tumeweka kitu. Kuna ulezi, kuna mahindi magumu yale tunayoyajua sisi, kuna maharage, na kwenye lile la juu kuna kuku amefungwa miguu, ni wa Gaudiosa, anataga. Hatukurudishii zawadi. Tunakurudishia bakuli.

Ukipata nafasi, lijaze tena. Ukifika kwa wanaokuuzia jumla, beba kidole gumba chako. Bonyeza. Soma mwaka. Tazama mifereji inakwenda wapi. Na wakikwambia haya laini yatalika mapema, waambie ndiyo, akina mama wa Mwimbi wanayataka yalike. Yakilika tutalima tena, mikono tunayo.

Na kwa kuwa wewe una duka, tunakuonya kama mama anavyomwonya mtoto wake: kuna Abel wengi wanaonunua kwako pale mjini, na mama zao hawakupata nafasi ya kukusomea.

Usipoyapata yanayofaa, njoo hivyohivyo mikono mitupu. Tutakupikia, na kiti kile ulichovuta hospitalini, hapa kwetu hakitakosekana.

Mungu akushike leo kwenye mteremko kama mpira mwema unavyoshika lami yenye maji. Akawashike na watoto wetu, na wa wengine, walioko njiani saa hii. Abel, mwanetu, nyanyuka na fimbo yako umpe Mzee mkono kwa niaba yetu.

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Mama Rudi Salama, Mwimbi