Bwana Ambrose Setchell, Mwinda Fuko wa Ukingo wa Sallowmere

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Bwana Ambrose Setchell anastaafu baada ya miaka thelathini na minane ya kuwinda fuko, wale wanyama wadogo wachimbao ardhi, kwenye ukingo wa mto wetu hapa Sallowmere. Wageni wakisikia kazi hiyo hucheka. Sisi hatucheki.

Babu zetu walikausha kinamasi hiki wapate kulima, na udongo ulipokauka ukanywea, mwaka baada ya mwaka. Ardhi imeshuka hata ngazi za kanisa zimeongezwa mara tatu. Leo mto unapita juu kuliko mapaa ya nyumba zetu, na kinachouzuia ni ukingo wa udongo tu. Tundu moja la fuko linatosha. Mwaka 1947 lilitosha: maji yaliingia watu wakinywa chai, na alama ya maji hayo ipo ukutani mwa shule, juu ya kichwa cha mtu mzima.

Ambrose alirithi mitego ya mjomba wake. Kila asubuhi alitembea maili nne na fimbo yake, akidunga hapa, akiinama pale. Siku ya harusi ya bintiye Hazel alitoweka kabla ya keki kukatwa, akarudi na suti imejaa tope hadi magotini na fuko wawili mkononi. Hazel hakumsemesha wiki nzima.

Februari 1998 aliona unyevu chini ya ukingo, wa ukubwa wa sahani. Maji yanayovuja yakiwa maangavu, unasubiri. Yakiwa na tope, yanabeba udongo wa ndani, na ukingo unaondoka. Aliyachota kiganjani, akayatazama, akaja mbio kwangu, ofisini kwa karani wa kijiji.

"Maureen, kapige kengele! Yana tope!"

Jamani, nilikimbia kanisani nikaipiga. Tulipanga mifuko ya mchanga kutwa nzima, mchungaji na mwenye baa bega kwa bega, na ukingo ukasimama.

Nafasi yake imetangazwa miezi saba. Hakuna aliyeomba. Magoti ya Ambrose hayawezi tena, na mvua za baridi ziko njiani. Wiki iliyopita nilimwambia labda nijaribu mimi, karani wa kijiji, ila naogopa mno. Akanikabidhi fimbo.

"Basi unafaa. Mimi nimeogopa kila siku."

Na sisi miaka yote hiyo tulidhani hana woga, tukalala.

Asante, Ambrose. Wewe na mkeo Beryl tunawatakia mapumziko marefu na miguu mikavu. Jumatatu naanza mimi. Lala, bwana, zamu ya kuogopa sasa ni yangu.