Mama Mbombo wa Bwawa la Samaki (1914–1957)

Dada yangu mkubwa, Mama Mbombo, alizaliwa tarehe 9 Mei 1914 huko Luputa, Kasai. Alisoma miaka mitatu kwa masista, akatoka na ushonaji, katekisimu na ubishi ambao masista hawakumfundisha.

Mwaka 1933 alifunga ndoa kanisani na Tata Mulumba. Waliishi Lubudi hadi mwaka 1940, Tata alipopata kazi mgodini, wakahamia Kolwezi.

Mwaka 1950 Mama Mbombo alichimba bwawa la tilapia kando ya kijito, likipakana na shamba la mjane, Mama Mianda. Mavuno ya kwanza yalinona. Baadaye samaki hawakuzidi kidole, na watu wakasema Mianda ni mlozi, afukuzwe mtaani. Dada yangu alifungulia maji mbele yao, wakaona vijisamaki vimebanana hadi matopeni. "Tia bantu kumi na sahani moja ya bukari," aliwaambia. "Kama banakonda, ni bulozi? Samaki benyewe banazala kupita chakula!" Alibakiza wachache, wengine akawagawia hao hao wasemaji, nao hawakukataa. Msimu uliofuata samaki walinenepa, na Mianda akaachwa.

Februari 1955 mvua kubwa ilibomoa ukingo wa bwawa, samaki karibu wote wakachukuliwa na maji. Watu wakamrudia Mianda kwa maneno yale yale ya ulozi. Dada yangu, matope magotini, alisema: "Mvula haichagulaka. Ilikuwa inaweza kubeba ya bengine, imebeba yangu." Aliujenga upya ukingo, akawarudisha bwawani wale wachache waliobaki kwenye dimbwi. Walizaana upesi, maana nafasi na chakula vilikuwapo, na mwaka uliofuata mimi mwenyewe nilikula nikashiba.

Mwishoni mwa mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Aliijua midomo ya majirani. Aliniita mbele ya Tata Mulumba: "Tshimanga, batasema njo Mianda amenikula. Acha ye njo anioshe." Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Machi 1957. Tunaumia sana. Mama Mianda alimwosha, akamvika, akamfunga kitambaa chake cha kanisani.

Marehemu ameacha mume, watoto wanne, wajukuu wawili, mimi mdogo wake, na Mama Mianda, ambaye ukoo wetu unamtaja hapa kuwa dada yake. Mwenye neno juu ya hilo alitoe sasa, mbele ya jeneza.

Lala, Mbombo, kwa amani ya Bwana.