Maji Aliyoyameza Danson

Sogeeni karibu, wanangu, na mlango muuache wazi nipate hewa. Phoebe, niinue kidogo. Hapo, basi. Stephen, acha kununa, hukupanda treni kutoka Voi uje kunililia nikiwa hai. Utalia baadaye, saa hizi nyamaza. Sikilizeni wote watatu, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya mazungumzo haya tu, na mimi Mkamburi sijazoea kuacha maneno katikati.

Mali kwanza, msije mkavutana matangani. Shamba la juu lenye migomba ni la Onesmus na Stephen, na mpaka ni yale masale aliyoyapanda marehemu baba yenu. Shamba la chini, lile linalopakana na mfereji, ni la Phoebe, na zamu yake ya maji siku ya Jumatano inakwenda na shamba. Najua baba zenu wadogo watasema binti aliyeolewa Taveta hana fungu hapa Ronge. Waambieni alirudi mjane, kama mimi nilivyobaki mjane, na adha ya mjane asiye na maji mimi ndiye ninayeijua, si wao. Mbegu za maharagwe nilizokopa kwa Tryphena mrudishieni kabla ya mvua, debe lijae mpaka limwagike, kwa sababu alinipa wakati hata yeye hakuwa nazo za kutosha. Ng'ombe mtajua wenyewe, bora watoto wanywe maziwa.

Sasa la Danson. Ninyi mlikuwa mbali, Stephen reli, Phoebe kwa mumeo, Onesmus ukifundisha kule Bura, na habari hii mmeisikia sokoni vipande vipande, kila mtu akitia chumvi yake. Isikieni kwangu niliyekuwapo.

Danson alipewa na serikali kofia ya ukuu wa mtaa, na akiisha kuivaa akajitwalia kugawa zamu za mfereji, kazi ambayo tangu zamani ilikuwa ya wazee wakikaa pamoja. Mwanzoni alikuwa mtu wa watu. Halafu zamu zikaanza kuhama. Aliyempelekea mbuzi alinyweshea shamba lake mchana na kesho yake tena, na asiye na mbuzi aliambiwa maji yamepungua mlimani. Kabichi zangu zilikauka nikizitazama, na maji hayo hayo yakipita mbele ya macho yangu kwenda kwa wengine. Nilimwendea nyumbani kwake akanicheka. Nikashuka hadi Voi juu ya lori la mkonge, nikaingia afisini, na karani akaniambia nilete mashahidi. Mashahidi gani? Waliotoa mbuzi waliogopa, na walionyimwa maji waliogopa zaidi, maana ilikuwa miaka hii ya Hali ya Hatari, na Danson alisema waziwazi kwamba atakayemtaja vibaya atapeleka jina lake kwa polisi, aende akaozee nyuma ya seng'enge kizuizini Manyani. Nilimchukia mtu yule, wanangu, sitawaficha. Nilikuwa nikisikia sauti yake njiani, nabamiza mlango.

Mnajua mfereji wetu husafishwa kabla ya vuli, kila nyumba ikitoa mtu wake na jembe lake. Kazi ikiisha, msimamizi wa maji husimama pale mfereji unapotokea mtoni, akasema mbele ya wote kwamba moyoni mwake hamna hasira wala jambo alilowaficha wenzake, kisha akatia kinywani maji ya kibuyu na kuyapuliza juu ya mfereji akiyaombea mashamba heri. Ndiko kutasa kwetu. Na anayetasa huku ameficha jambo hujiletea msiba nyumbani mwake mwenyewe, hilo Mdawida yeyote wa milima hii yetu hulijua hata kabla hajaota meno ya pili. Danson alikuwa akiikwepa kazi hiyo kila mwaka, akimsukumia mzee mwingine, eti yeye amesoma misheni na hayo ni mambo ya kishenzi.

Mwaka ule tulipomaliza kusafisha, sisi wanawake tulikaa chini juu ya udongo uliozuia maji yasiingie mferejini, tukakataa kuinuka. Nikasimama peke yangu. Nikamwambia, "Danson, mimi pia nimebatizwa, rozari yangu hii hapa shingoni. Kama ni upuuzi, upuuzi haumdhuru mtu. Sema hukuyauza maji haya, utase, twende zetu nyumbani."

Akacheka. Akasema hana neno na mtu. Nikamwambia, sikukuuliza habari za watu, sema la maji. Alipoona macho yote yako kwake alikinyakua kibuyu, akajaza kinywa haraka ili asijibu, na hapo ndipo alipojifunga mwenyewe. Alisimama mashavu yamemvimba, jasho likimtoka, akautazama mfereji, akainua macho kule ng'ambo ambako watoto wake walikuwa wakicheza uani. Tulingoja ayapulize. Akayameza.

Hakuna aliyecheka. Mbula, yule mama wa Kikamba aliyeolewa hapa kwetu, ndiye aliyefungua mdomo kwanza: "Mimi nilimpa mbuzi, na mwingine nikampa mwaka uliofuata." Mzee mmoja akasema na yeye alitoa. Kisha mwingine, na mwingine, kila mtu akimdakiza mwenzake, woga wote umewatoka kama homa. Wiki ile ile tulishuka Voi sote, na karani aliyetaka mashahidi akakosa hata pa kutuketisha. Danson alivuliwa kofia barazani mchana kweupe, na sisi tumesimama. Nilifurahi mpaka nikaona haya, lakini nilifurahi! Zamu zikarudi kwa wazee, na mimi ndiye niliyesema Danson naye apewe yake, Jumamosi, kama mtu yeyote. Msije mkamnyima. Kinyongo changu kwake kimekwisha, na watoto wake hawakuuza chochote.

Ndiyo maana majuzi, watu walipoambiwa wajipange nyuma ya wanayemtaka aende Baraza la Wilaya, mstari wako, Onesmus, ulizunguka kanisa. Nilibebwa kwa kiti nikauone. Nilipiga vigelegele na kifua hiki kibovu, Phoebe akanikataza, sikumsikia. Lakini usijidanganye, baba. Watu wale walikuwa wamechoka kunyweshwa uongo, wakakuchagua wewe wakijua umelelewa katika nyumba hii. Kiti kile si shamba, siwezi kukurithisha, wala wewe huwezi...

Ngojeni. Mbuzi gani huyo anayelia? Wetu nawajua kwa sauti, huyo si wetu. Phoebe, usiangalie chini, sema. Wa Kituku? Kituku anayetaka kibanda chake kiwekwe mbele katika soko jipya? Ameleta pole kwa mgonjwa. Aa! Nimeumwa mwezi mzima Kituku hajanikumbuka hata kwa uji, leo mwanangu ni diwani, ndipo ameujua ugonjwa wangu.

Onesmus, hebu nitazame. Ulimwona akifungwa pale? Ukanyamaza. Ulidhani ni wa mama, si wa diwani. Danson naye alianza na mbuzi wa pole, alipofiwa na mamake. Sikugombezi, mwanangu. Nakuomba, na sina nguvu ya kuomba mara mbili. Ukimchinja huyo, mimi nitazikwa kwa nyama ya maji ya watu.

Mfungue sasa hivi. Usimtume mtu. Pita naye njia ya sokoni, watu wakuone, umkabidhi Kituku mkononi, umsalimie vizuri, umwambie habari ya kibanda itasemwa kikaoni mbele ya wote. Wewe Stephen, na huko reli pia, abiria wa kwanza apande kwanza, hata akiwa hana kuku mkononi.

Piga magoti kwanza. Leteni mikono, na wewe Phoebe. Mungu awape macho ya kutazamana na watu bila kuyakwepesha. Awape usingizi. Mashamba yenu yanywe, na ya majirani yanywe. Nimewasamehe yote, mnisamehe. Haya, baba, nenda.

Nilaze, Phoebe... taratibu. Stephen, usimsaidie kamba, aivute mwenyewe. Mnamsikia mbuzi? Amegoma mlangoni... sasa anakwenda. Watu wametoka nje, nasikia wanauliza. Waache waulize... Anawajibu. Kwa sauti, mwanangu, zaidi... hivyo hivyo.

Bado analia, kule chini... sokoni sasa.

Sasa simsikii. Vizuri. Vizuri sana.